Daftari la Funguo

Wewe uliyeinamia simu tulipoingia ukumbini, nilikuona. Ulimsikia dada yangu akikohoa, ukasogeza kiti chako upande wa pili. Basi leo utasoma.

Lilikuwa tamasha la vitabu. Jukwaani walikaa wawili: Meneja wa zamani wa kiwanda cha nguo, na kitabu cha maisha yake, na Profesa, na historia ya kiwanda hichohicho. Dada alikuwa msimamizi wa zamu siku chumba cha rangi kilipoungua. Wanawake sita hawakutoka. Ukurasa wa themanini na nane, Meneja kaandika kwamba mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo alikuwa nao msimamizi, akausahau mfukoni. Miaka thelathini na moja dada ameishi na moshi kifuani. Sasa kaongezewa maiti sita azibebe. Mjukuu wake amekisoma, akamuuliza, "Bibi, ni kweli?"

Si kweli. Meneja aliufunga mlango kwa nje kwa sababu alichoshwa na wanawake wanaotoka kwenda chooni. Ufunguo aliuchukua yeye, akaweka sahihi yake kwenye daftari la funguo la getini. Daftari hilo mimi, niliyekuwa mfagiaji wa pale, nililitoa kiwandani nikalificha chini ya gunia la mkaa miaka tisa. Kisha akaja Profesa na miwani yake na shukrani nyingi, akala kwetu, akamwita dada "dada". Mimi niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari nikampa lile lenyewe, si nakala. Niliona haya kumdai msomi anisainie. Nilidhani nimeliweka kwenye kasha la chuma, kumbe nimelitia kwenye pakacha linalovuja.

Pale ukumbini maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi, mshereheshaji akachagua. Changu kilikuwa na maneno matano: Daftari la funguo liko wapi? Kilisomwa. Profesa akajibu kwa upole kwamba lilipotea alipohama ofisi, na kwamba pasipo hati, historia haina budi kusikiliza kila upande. Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshiba. Mkapiga makofi. Nilisimama niseme; kipaza sauti kilikuwa kimeshahamia safu nyingine.

Dada akaenda kupanga foleni ya kutiwa sahihi kitabu cha Meneja. Nilidhani akili zimemruka. Meneja hakumtambua. Dada akamwambia alikuwa kiwandani kwake, naye akamuuliza chumba gani.

"Chumba cha rangi."

Kalamu ilisita kidogo tu. "Pole sana, mama. Yule msimamizi wenu ndiye aliyetuponza."

"Ndiye mimi."

Meneja akaiangalia foleni nyuma ya dada, jinsi ilivyokuwa ndefu. Akaandika: Kwa mama, tulijenga pamoja. Akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Tukirudi, nilimwahidi kwamba nami nitaandika kitabu. Akaegemea kwanza ukuta wa nyumba ya watu, pumzi zikamrudia.

"Mdogo wangu, wewe na vitabu vyako. Sitakiwahi."

Toleo la pili la kitabu cha Meneja limeshapelekwa mitamboni. Mimi sina daftari, na sauti yangu mliipigia makofi juu yake. Lakini kitabu unacho, nilikuona ukikinunua. Kifungue sasa hivi, themanini na nane. Chukua kalamu, si penseli. Andika pembeni: Ufunguo alikuwa nao Meneja. Kisha kipeleke kwa jirani yako naye aandike kwenye chake, leo, dada angali anapumua. Usigeuze uso. Andika.