Malik Sanjar na Mwenye Nyati

Kwa miaka kumi na tisa Malik Sanjar alikuwa amiri jeshi wa sultani wa Bidar, na kwa miaka yote hiyo alikula peke yake. Maofisa waliotoka Uajemi walimsengenya kwamba ni mtoto wa Kihindu aliyeokotwa vitani. Askari wa Kihindu nao walimwona mtu wa sultani tu. Akipita, mazungumzo yalikatika, akishapita, yaliendelea.

Wapanda farasi wa sultani walimteka akiwa na umri wa miaka saba. Huko Bidar wakampa jina jipya, dini mpya, upinde na farasi. Akapanda cheo baada ya cheo. Lugha ya kwao ikamtoka kidogo kidogo mpaka likabaki neno moja, na hata ndoto zake zikawa za Kiajemi.

Mwaka huo alitumwa kuiteka ngome ya Devagatti. Mwezi wa tatu wa kuizingira, jeshi lilihamia kando ya bwawa la mawe lenye kilima chekundu nyuma yake, kilima chenye nundu mbili. Malik Sanjar alipokiona alishuka kwenye farasi, akakitazama, watu wakadhani anapima mahali pa kupiga hema.

Kesho yake asubuhi, bibi mmoja kutoka kijiji cha jirani aliwapita walinzi huku akifoka. Mkalimani wa jeshi, karani mnene aitwaye Viranna, akamleta.

"Bwana amiri, huyu anaitwa Lachamma. Anasema askari wako wamemchukulia nyati wake wa maziwa. Kasema na mengine, ila hayo niachie. Kazi yangu bado naipenda."

"Yaseme."

"Anasema hata fisi hungoja mtu alale."

Malik Sanjar alitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye kidevu cha yule bibi. Palikuwa na chale tatu za kijani, ya katikati imekwenda upande. Alizijua. Alikuwa akizigusa kwa kidole akibebwa utotoni.

"Muulize ana watoto wangapi."

Viranna alishangaa, akauliza. "Alikuwa naye mmoja, Potanna. Alikufa mdogo."

"Alikufaje?"

"Wapanda farasi walimchukua. Akangoja mvua za miaka mitatu, kisha akazichoma nguo za mtoto mahali pa kuchomea maiti, akamaliza msiba."

"Aliiona maiti?"

Bibi alijibu kwa maneno machache, bila kulia. Viranna akapunguza sauti. "Anasema angekuwa hai angerudi. Njia alikuwa anaijua."

Malik Sanjar angeweza kusema. Lakini kila neno lingepita kinywani mwa Viranna. Mchana lingekuwa kambi nzima, na wiki ikiisha lingekuwa Bidar, kwamba amiri ni wa watu wa Devagatti. Na huyu bibi angerudishiwa mtoto aliyekwisha kumlilia, awe ndiye mkuu wa waliomla nyati wake.

Akalitoa lile neno lake moja. "Amma," alisema. Mama.

Lakini kule kila mwanamke mzima huitwa amma kwa heshima. Viranna mwenyewe alikuwa akimwita hivyo tangu asubuhi.

Lachamma akamtazama juu mpaka chini, akasema jambo. Viranna akacheka. "Anasema, kumbe amiri una adabu! Haya, na nyati je?"

Alipewa nyati wawili, na askari wakakatazwa kukanyaga kijiji kile. Bibi akaondoka akiwaswaga, hakugeuka nyuma. Naibu wa amiri, Khwaja Bahruz, aliyaona hayo yote, akaandika barua kwa sultani kwamba mzee amelegea.

Ngome ilianguka baada ya siku arobaini. Sultani alimvisha Malik Sanjar joho la heshima, akamwambia aombe atakalo. Akaomba utawala wa Devagatti. Sultani akatabasamu, akampa Bahruz. Malik Sanjar akapewa usimamizi wa mazizi ya tembo mjini Bidar, kazi ya heshima isiyo na jeshi.

Mwaka wa pili alikutana sokoni na Viranna, aliyekuwa amerudi kutoka Devagatti. Wakasalimiana.

"Yule bibi wa nyati," Malik Sanjar alisema, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "hajambo?"

"Lachamma? Alishafariki, bwana, msimu wa joto uliopita. Hakuwa na mwana wa kumwashia moto wa maiti. Aliwasha jirani."

Viranna alipoanza kuaga, Malik Sanjar akamzuia.

"Nifundishe lugha yenu," akasema.

"Sasa? Vita vimekwisha, bwana. Utazungumza na nani?"

Tangu siku hiyo, kila alasiri, Viranna alikwenda mazizini. Walikaa karibu na tembo waliokuwa wakitafuna majani, karani akitaja maneno na mzee akiyarudia taratibu: maji, mlango, njoo, umechelewa wapi.