Bustani ya Ghorofa ya Hamsini na Tisa

Dada yangu alikuwa fundi wa lifti, na gemu alizipima kama alivyozipima lifti. Gemu nzuri, alisema, unaingia, unabonyeza, inaondoka. Haikuambii usubiri ipakue kitu. Haikuulizi kama umekubali masharti ambayo hakuna mtu amewahi kuyasoma. Ndiyo maana alipenda gemu za zamani za kaseti, zile za plastiki nene za kuchomeka juu ya mashine. Mimi nilipenda za kisasa, na kwa miaka kumi na minane hatukuelewana hata siku moja.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau. Uso wake sijausahau, wala sauti yake. Nasahau hoja zake. Kuna siku nilikuwa nachanganya rangi dukani, ndiyo kazi yangu, nikataka kukumbuka alinijibu nini nilipomwambia kwamba theluji ya gemu zangu ina kivuli cha buluu, na kwamba mtu anayejua ugumu wa kutengeneza rangi nyeupe lazima avue kofia. Nilikaa na kopo mkononi mpaka mteja akakohoa. Jibu lilinijia jioni nikifua. Alisema rangi nne zikipangwa na mwenye akili zinatosha, na kwamba mimi nina rangi elfu dukani lakini mtaa mzima umepakwa krimu.

Tulikuwa na daftari la jalada gumu tuliloliita Maoni. Masharti yalikuwa matatu. Huandiki maoni ya gemu ambayo hujaimaliza. Alama ni kati ya kumi. Hufuti alama za mwenzako, hata zikikuuma. Kwa gemu niliyoipenda kuliko zote, ile ya kusafiri kwa farasi milimani, dada aliandika: “Milima mizuri. Farasi ana akili kuliko mpanda farasi. Nimepoteza saa tatu kumtafutia mzee mmoja kofia yake. Nne.” Mimi ile yake ya matofali yanayoanguka niliipa saba. Tulibishana wiki nzima kama gemu isiyo na mwisho inaweza kumalizwa, tukakubaliana kwamba mistari mia mbili ihesabike kuwa ndiyo mwisho. Niliandika kwamba ingepata nane kama ingekuwa na mahali pa kufika. Chini yake akaongeza kwa penseli: “Umefika, hukuona.”

Ukurasa mmoja tu ulikuwa mtupu. Juu yake dada aliandika “Mnara”, akapiga mstari, basi.

Jina halisi la gemu hiyo hatukulijua. Kaseti tuliinunua imeshatumika, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ngeni, kwa hiyo tuliipa jina la tulichokiona. Binti mdogo anapanda mnara wa ghorofa sitini akiwa na mfuko wa mbegu, na kila ghorofa ina kipande cha udongo cha kupanda. Dada alicheka sana siku ya kwanza. Ghorofa sitini bila lifti, alisema, aliyejenga anyang'anywe cheti. Ila ndani ya kaseti kulikuwa na saa, na saa ile ilitembea hata mashine ikizimwa. Ukipanda leo ukaenda kazini, ukirudi unakuta mmea umeota. Hilo ndilo lililomteka. Alisema gemu zangu zote za kisasa, pamoja na milima yao, husimama ukiondoka, lakini hii inaendelea na maisha yake.

Kaseti ilikuwa na nafasi tatu za kuhifadhi. Ya kwanza yake, ya pili yangu, ya tatu haikuwa ya mtu. Majina tuliyachagua kwa umbo la herufi, maana hatukuweza kuzisoma. Lake lilikuwa ngazi, kiti na ndoano. Mimi nilikwama ghorofa ya ishirini na mbili, penye majukwaa yanayopanda na kushuka, nikaacha. Yeye alifika ya hamsini na tisa. Mwisho wa chumba kuna mlango wa kuingia ya sitini, na kwa miaka minne hakuufungua. Nikimuuliza, alisema anangoja lile ua la zambarau lichanue kwanza.

Aliugua wiki tisa. Wiki tatu baada ya mazishi niliwasha Mnara, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba saa ya gemu imechelewa kwa saa mbili. Kesho yake ilikuwa imechelewa kwa saa tano. Nilielewa mara moja, nikaketi sakafuni. Ndani ya kaseti kuna betri ya duara kama ya saa ya mkononi, nayo ndiyo inayoshikilia kila kilichohifadhiwa. Betri ikifa, bustani inafutika, na ngazi, kiti na ndoano vinafutika nayo.

Mashine ikiwa imewashwa, betri ile inapumzika. Basi nikaiacha ikiwaka. Iliwaka siku sita. Nilikwenda kazini ikiwaka, nikalala ikiwaka, na kila taa ya nyumba ilipofifia kidogo nilikimbia kuitazama. Kaseti isingekufa kwa umeme kukatika mara moja, nilijua hivyo, lakini kujua hakukunisaidia.

Mama, ambaye ninaishi naye na ambaye maisha yake yote aliziita gemu zetu kelele, alivumilia mpaka siku ya sita. Alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, maana yeye ni fundi cherehani, akauliza mashine hiyo inapika nini isiyoiva wiki nzima.

Nikamwambia. Nilieleza vibaya, nikirukia huku na huku, mbegu, betri, ghorofa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama betri inabadilishika. Nilisema inabadilishika, lakini ukiitoa, hapo hapo kila kitu kinafutika. Akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda kwa fundi redio wa barabara ya pili, mtu wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Sikio kwa sababu huinamisha kichwa juu ya redio kabla hajaigusa. Alifungua kaseti kwa bisibisi nyembamba, akaigeuza upande wenye meno ya shaba, akanitazama juu ya miwani.

“Nani alikuwa anapuliza humu?”

“Dada,” nikasema.

“Peke yake?”

“Na mimi.”

Mama aliguna. Sikio akasema kila mchezaji wa zama zile anaamini kaseti ikigoma inapulizwa, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba anaitemea mate. Mate ndiyo kutu yenyewe. Akachovya pamba kwenye spiriti akasugua. Pamba ilitoka nyeusi. Niliitazama, nikafikiri mambo ambayo sitayaandika.

Kisha akatueleza. Njia ipo, ila ni nyembamba. Inashikizwa betri ya pili pembeni kwa nyaya mbili, iendelee kulisha kaseti, halafu ile ya zamani inang'olewa, mpya inalehemiwa mahali pake, ndipo ya pembeni inaondolewa. Nyaya zile lazima zishikwe hapo hapo muda wote. Zikiteleza hata kidogo, kwaheri. Mikono yake miwili ingekuwa na chuma cha moto na koleo, kwa hiyo alihitaji mikono mingine. Akaangalia yangu. Ilikuwa inatetemeka tangu alipofungua kifuniko.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. “Nipe mimi.”

Sikio alimwonya kwa heshima kwamba sehemu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, na kwamba asipumue kwa nguvu.

“Fundi,” mama akasema, “nimeshika sindano tangu wewe unanyonya. Angalia moto wako.”

Alishika nyaya zile kwa vibano viwili, viwiko vyake juu ya meza, kama anavyoshika kitambaa cha hariri kinachotaka kukimbia. Moshi wa lehemu ulimpanda usoni, hakupepesa. Mimi nilisimama nyuma yao nikihesabu chupa za spiriti kwenye rafu. Zilikuwa saba. Nilizihesabu mara nyingi sana. Betri ya zamani ilitoka, ikaviringika mezani ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Sikio akapuliza lehemu ipoe, mama akamwambia kumbe na yeye anapuliza. Sikio alicheka, lakini mkono wake haukucheza.

Alipomwambia aachie, mama aliachia wa kushoto, akangoja, akaachia wa kulia. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nyumbani niliichukua kaseti nikaipeleka mdomoni kwa mazoea. Mama akanitazama. Nikaiteremsha, nikaichomeka hivyo hivyo.

Nafasi ya kwanza: ngazi, kiti, ndoano.

 Mama aliketi pembeni yangu kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote tulipokuwa tunacheza wawili, akataka nimwonyeshe mwanawe alikuwa anafanya nini siku zote hizo. Nikafungua. Ghorofa ya hamsini na tisa ilikuwa imejaa, ukuta hadi ukuta, na katikati lilikuwa ua la zambarau limechanua. Nilifurahi kwamba angalau lilichanua, japo kwa kuchelewa. Ndipo nikafungua mfuko wa mbegu. Mfuko ule haupokei zaidi ya mbegu tisini na tisa za aina moja. Za zambarau zilikuwa tisini na tisa.

Ilinichukua muda. Ua moja hutoa mbegu mbili, moja ya kupanda tena na moja ya akiba. Lilikuwa limechanua angalau mara tisini na tisa, naye akavuna, akapanda tena, akaniambia anangoja.

Nilimpeleka yule binti hadi kwenye mlango. Nilitaka kuufungua. Nilitaka nione ghorofa ya sitini, nirudi kwenye daftari, niujaze ukurasa ule kwa niaba yake, nimpe kumi, niufunge. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

“Alishindwa kuufungua?” mama akauliza.

“Hapana. Hakutaka.”

“Basi usimfungulie.”

Nikamrudisha binti kwenye udongo. Nikahifadhi hapo, karibu na ua.

 Kisha mama akanyoosha kidole kwenye skrini akauliza ile nafasi ya tatu ni ya nani. Nilimwambia si ya mtu. Alikisogeza kikapu cha nguo za kushona kwa mguu, akasema nimwonyeshe pa kubonyeza.

Herufi aliyoichagua ilifanana na kifungo cha shati, akaiandika mara tatu. Alishika pedi, kile kidude cha kubonyezea, kwa mbali, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine mwenye kamasi. Konokono wa ghorofa ya pili alimwua mara kumi na moja. Alimwita majina ambayo sikujua kwamba mama anayajua. Alipompita hatimaye, alidai daftari, na kabla sijamweleza masharti alikuwa ameshageuza hadi ukurasa wa Mnara, akaandika chini ya mstari wa dada kwa ile hati yake ya kuandikia vipimo: “Konokono hana adabu. Maharage ya hapa yanaota upesi mno, mwambieni aliyetengeneza. Nane, mpaka nione juu.”

Nikamwambia haruhusiwi, hajaimaliza. Akasema masharti yale yalikuwa ya watu wawili.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Mimi nimeirudia nafasi yangu, na majukwaa yale nimeyapita kwa kubahatisha. Gemu zangu za kisasa bado nazipenda, na ile ya farasi bado ni tisa kwangu, hata dada angefufuka aje kubisha. Lakini jioni mama akishafunika cherehani tunapokezana pedi, na kabla ya kuzima tunapita ghorofa ya hamsini na tisa. Hatugusi kitu, tunaangalia tu kilichochanua.

Jana alinipigia simu dukani. Nilikuwa nimepima rangi ya mteja, krimu kama kawaida, na mashine ya kutikisa kopo ilikuwa inanguruma, ikabidi nitoke nje. Amefika majukwaa ya ishirini na mbili. Amekuwa akianguka tangu mchana, na gauni la watu halijakatwa. Aliuliza huwa napitaje pale.

“Usirukie,” nikamwambia. “Lifti haikimbizwi, mama. Ingoje, itakuja.”

Nilibaki na simu sikioni. Nilijua maneno yale ni ya nani, na miezi yote hii sikujua kwamba bado ninayo. Upande wa pili nilisikia jukwaa likishuka, kimya kidogo, kisha ule mlio mfupi wa kupita.

“Haya,” mama akasema. “Ya ishirini na tatu ina nini?”