Tego la Shamte

Kama majivuno yangekuwa maradhi, Shamte angeshazikwa zamani. Alikuwa mnunuzi wa pweza, akizunguka kwenye madago, zile kambi za wavuvi, na masanduku yake ya barafu, na kila alikotua alihakikisha watu wamejua kwamba viatu vyake ni vya ngozi na marashi yake yametoka Unguja. Zulfa, mkewe, aliwahi kuyapenda marashi yale. Siku hizi aliyasikia tangu mlangoni na roho ikamchafuka, na si kwa sababu ya mimba peke yake.

Mimba ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza ilifika mwezi wa nane, mtoto akatoka kimya, ngozi inambanduka. Shamte alimzika, akanawa mikono, akarudi kwa pweza wake. Mama yake, Bi Mize, alipita nyumba kwa nyumba akisema tumbo la mkaza mwanawe lina jini mla watoto. Zulfa akanyweshwa makombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, mpaka ulimi ukageuka rangi. Kumpima mtu damu hakuna aliyewaza.

Safari hii Zulfa hakumngoja mtu. Alipoona mwezi umepita, alikwenda mwenyewe kliniki ya wajawazito, Kilindoni. Nesi Noorin, ambaye kwao wanauza vitambaa pale mjini, alimchoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, wakasubiri. Mistari miwili ikajitokeza. Noorin akaenda kufunga mlango.

"Una kaswende, dada."

"Mimi?" Zulfa alihisi masikio yanawaka moto. "Si ugonjwa wa malaya huo?"

"Ni ugonjwa wa bakteria, na bakteria hawaulizi nani kaolewa. Mumeo amewahi kutoka kidonda sehemu za siri? Kidonda kisichouma?"

"Angekuwa nacho asingenionyesha. Ila viganja viliwahi kumtoka madoadoa, na nyayo pia. Alisema ni barafu."

"Barafu!" Noorin alicheka bila furaha. "Sikiliza. Kidonda kile hufunga chenyewe. Madoadoa nayo huondoka yenyewe, hata hayawashi, mtu akajiona mzima. Kumbe ugonjwa umejificha mwilini, na mwanamke akishika mimba unamfuata mtoto humohumo tumboni."

Zulfa aliuliza kwa sauti ndogo. "Yule wangu wa kwanza?"

"Siwezi kukuapia, hakupimwa. Lakini huyu tumemuwahi. Dawa ipo, ni penisilini, inakukinga wewe na yeye. Nitakuchoma leo, na wiki ijayo, na wiki itakayofuata. Sasa mumeo naye lazima atibiwe, hata kama hajisikii kitu. Asipotibiwa atakurudishia, na hapo mtoto yumo hatarini tena. Msilale kitanda kimoja mpaka wote mmemaliza."

Zulfa alirudi nyumbani akichechemea, maana sindano ile haina adabu. Alimweleza mumewe kila kitu kama alivyoelezwa. Shamte alimsikiliza huku akijitazama kwenye kioo.

"Kwa hiyo nikiwa kazini, wewe unaniletea uchafu nyumbani kwangu," alisema. "Kesho utayasema hayo mbele ya ukoo."

Kesho yake, baada ya alasiri, ukoo ulikaa barazani. Mzee Sudi, ami yake Shamte, alipewa kiti. Bi Mize alikaa mkekani, tambuu shavuni. Zulfa aliwekwa katikati yao kama samaki anayeshukiwa kuoza, kila mtu akivuta pua.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo ana mashitaka."

"Tena mazito!" Shamte alitengeneza kanzu yake. "Mke wangu ana kaswende. Nesi kampima, yeye mwenyewe kakiri. Namrudisha kwao, na hiyo mimba aende nayo, simjui baba yake."

Bi Mize alitema tambuu. "Si nilisema ana jini? Kumbe jini lenyewe linavaa suruali."

Watu wakacheka. Zulfa aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Alivitazama vile viatu vya ngozi vilivyopangwa vizuri penye ngazi, akashangaa kwamba aliwahi kuvipangusa kwa khanga yake mwenyewe.

"Mpimeni na yeye," alisema. "Ni tone moja tu la damu. Akikutwa mzima, nguo zangu nitazibeba mwenyewe."

"Mimi nipimwe?" Shamte alisimama. "Kaswende kwangu itokee wapi? Hata kile kidonda changu hakikuwa kaswende. Lilikuwa tego! Mganga Mkadam kalitegua kwa dawa yake, kidonda kikafunga, hata kovu hakuna. Muulizeni Mkadam!"

Alilisema hilo kwa fahari, kidole kimeelekea mbinguni. Kisha kidole kikaanza kushuka polepole, kama bendera ya chama kilichoshindwa.

Tego halimwangukii mpita njia. Ni dawa anayoitega mume kwa mkewe, ili mwanamume mwingine akilala naye aondoke na maradhi. Kila aliyekaa pale alilijua hilo tangu utoto. Mwenye kikohozi alikimeza.

"Tego la mke wa nani, Shamte?" Mzee Sudi aliuliza.

"Ami, nilichotaka kusema..."

"Ulichosema nimekisikia. Nauliza, mke wa nani?"

Bi Mize hakuwa akicheka tena. "Kidonda hicho kilikutoka lini?"

"Mama, mambo haya si ya..."

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa. Lini?"

"Kule dago," alinong'ona. "Kabla ya yule mtoto."

Bi Mize aliinamisha kichwa.

"Mkadam hakutegua kitu," Zulfa alisema. "Kidonda kile kingefunga hata ungekipaka uji. Mganga kakupaka majani, kasubiri, kisha kajisifu, na wewe ukaja kulala na mimi. Mtoto wangu akafa, nikanyweshwa makombe, naambiwa mimi ndiye niliyemla." Alishika tumbo lake, akamgeukia Mzee Sudi. "Siombi msamaha wala talaka. Nataka achomwe sindano. Asipochomwa, mlango wa chumba changu asiukanyage. Huyu simpotezi kwa ajili ya uongo wa mwanamume."

Bi Mize ndiye aliyeinuka kwanza.

"Kesho asubuhi," alimwambia mwanawe, "nitakupeleka mwenyewe. Nitakushika mkono kama nilivyokupeleka chuoni kusoma Kurani, ukilia."

Akampeleka kweli. Kipimo cha Shamte kilitoa mistari miwili, myekundu, isiyobagua mnunuzi wa pweza wala mtoto wa kiongozi. Noorin alimweleza kwamba waliolala naye nao wanapaswa kuitwa wapimwe, akamuuliza kama penisilini imewahi kumdhuru, kisha akamwambia ashushe suruali.

Bwana mkubwa wa madago alipiga yowe, wanawake wote kwenye benchi wakalisikia. Mmoja aliuliza kama kuna anayejifungua humo ndani. Zulfa, aliyekuwa hapo nje na mama mkwe wake, alisema hapana, ni mume wangu anategua tego. Benchi zima likaangua kicheko, na Bi Mize akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

Wiki zilizofuata Shamte alirudi kuchomwa tena, mama yake akimsindikiza. Zulfa naye alimaliza dozi yake, na mimba ilipofika mwezi wa sita Noorin alimlaza, akaweka tumboni kile kipembe cha kusikilizia, akainama. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Anapiga moyo kama fundi wa ngoma. Tutaendelea kumpima mpaka azaliwe, na akizaliwa tutamwangalia tena."

Shamte alikuwa amesimama mlangoni, viatu vyake vina vumbi, marashi amesahau kupaka. "Mtoto mzima?" aliuliza kwa sauti ya unyenyekevu ambayo Zulfa hakuwahi kuisikia.

Zulfa alijifunga khanga, akampita bila kumtazama.

"Kamuulize Mkadam."