Sala ya Kuangusha Ndege

Mwaka ule wa 1964 basimba, wale waasi, walikuwa wamekamata Beni. Germaine, mujane wa Maliro, alikuwa nyuma ya kanisa, anatandika vitambaa vya altare juu ya majani mabichi ili jua livitakatishe. Ndege ikapita chini chini upande wa Mavivi, ikazunguka, ikarudi. Haikukawia, commandant Zorobabel akatokea na basimba wake, ameshika mukono wa Kavira, binti pekee wa Germaine.

« Mama, unaita ndege na nguo nyeupe? »

« Ninaanika nguo za Mungu. »

« Mungu wa bazungu. Ile ndege inakaa juu na nini? Haina kamba, haina muti. Ni masala yenu ndiyo inaishika. »

Musimba mumoja akacheka. « Commandant, angalia magoti ya mama, imeota sugu. Ye ndiye anaishika. »

Germaine hakucheka. Maliro alikuwa anakata majani ya uwanja wa ndege wa Mavivi. Siku moja, juu ya lori la kwenda Alimbongo, alimwambia atoe kiganja nje, akiinamishe kidogo. Upepo ukakisukuma juu. Maliro akasema bawa la ndege ni vile vile, moteri ndiyo inaleta mbio.

« Hapana sala, » Germaine akasema. « Ni mbio. Upepo unapiga bawa chini, unaliinua. Mbio ikiisha, inaanguka. »

Zorobabel akanyoosha mukono. « Mukono yangu iko na upepo. Mbona sipandi juu? »

« Hauna mbio, commandant. »

Akampiga kofi. « Sasa omba ianguke. Isipoanguka, huyu binti tunaenda naye kambini. »

Germaine akapiga magoti juu ya vitambaa vyenye maji. Mule ndani ya ndege mulikuwa mutu aliyezaliwa na mama. Kumuombea kifo, hakuweza. Kumuacha Kavira, hakuweza pia. Akasali Baba Yetu, pole pole, macho yake kwa binti yake. Alipofika kwa « mapenzi yako yafanyike », ndege ikageuka kwenda upande wa Manguredjipa, ikaingia nyuma ya kilima. Kelele ikakatika palepale.

« Imeanguka, » basimba wakasema, wakarudi nyuma kidogo.

Germaine alijua kwamba kilima kinameza kelele. Lakini akifungua kinywa, Kavira anakwenda. Akawaacha waamini vile. Hilo atamjibu Mungu mwenyewe.

Zorobabel akamuachilia Kavira. Macho yake yalikuwa yamebadilika, lakini si kwa huruma.

« Simama, mama. Ndege zingine zitakuja. Utatembea mbele yetu, utaziangusha. »

« Mama, » Kavira akasema.

« Nenda kwa shangazi yako Butembo. Usipite barabara kubwa. Na usigeuke. »

Wakamuweka mbele. Basimba waliokuwa wanamucheka sasa hawakutaka hata kivuli chake kiwaguse. Walitembea mpaka kanisa likapotea nyuma yao. Ndipo ile kelele ikatoka tena nyuma ya kilima, ikaanza kukua.

Wote wakasimama, wakamutazama.

« Mama, » Zorobabel akasema, bunduki mukononi, « ile ni ya pili, ao ni ile ile? »

Germaine akageuka kidogo, akaangalia chini kwenye mashamba, kwenye njia ya miguu ya kwenda Butembo. Hapakuwa na mutu. Kavira alikuwa ameshaingia pori.

« Ni ile ile, » akasema.