Shangazi Mlangoni mwa Gemu

Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja: anayejaribu gemu haambiwi neno. Aliyeitengeneza anakaa nyuma yake, anafunga mdomo, anatazama. Cheche mwenyewe ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na siku hiyo ilimkaba koo kama mwiba wa samaki.

Demo, kionjo cha gemu yao, ilikuwa itolewe jioni. Wiki nzima yeye na mwenzake mchoraji, ambaye kila mtu alimwita Rangi, walikuwa wakivutana. Rangi alitaka mishale mikubwa ya njano imwonyeshe mchezaji pa kwenda. Cheche alisema mishale ni matusi. Gemu nzuri hujieleza yenyewe. Mwisho wakakubaliana: waite mtu ambaye hajawahi kushika gemu hata ya kwenye simu. Akiingia nyumba ya kwanza na kutoka na ufunguo bila kusaidiwa, hakuna mishale. Akishindwa, mishale inawekwa, na Cheche asinune.

Mtu huyo alikuwa shangazi yake Cheche, msusi, aliyekuja moja kwa moja kutoka saluni, kitana bado kimechomekwa kichwani.

"Huyo binti kwenye skrini ndiye wewe, shangazi," alisema Rangi.

"Mbona mwembamba hivi? Hamumlishi?"

Vidole vilivyozoea kusuka vilivielewa vitufe upesi. Binti akatembea, akaruka mtaro, akafika kwenye nyumba yenye mlango wazi. Ndani, juu ya meza, ufunguo uling'aa. Cheche akaanza kutabasamu.

Shangazi akasimama mlangoni. Akaendelea kusimama.

Rangi akapiga mluzi mdogo mdogo. "Umekwama, shangazi?" aliuliza kwa sauti ya asali.

"Kanuni," alisema Cheche.

"Simsaidii. Namjulia hali."

"Sijakwama, nasubiri," alisema shangazi. "Kuna bibi mle ndani, namwona kaketi. Nimebonyeza vyote hivi, hakuna hata kimoja cha kupiga hodi. Nijitome tu nyumbani kwa mtu? Mimi sikulelewa hivyo. Wala huyu mtoto wa kaka yangu."

Cheche akauma ulimi. Wote waliowahi kuijaribu gemu ile walikuwa vijana wenzake, na wote waliivamia nyumba ya bibi wa watu kama kimbunga. Aliiona mishale ikija, ya njano, minene kama ndizi.

"Ngoja nizunguke nyuma," alisema shangazi. "Labda wenyeji wako uani."

Mluzi wa Rangi ukakatika. "Nyuma hakuna..."

"Neno hata moja," alisema Cheche.

Binti akaambaa na ukuta, akakata kona, akakanyaga mahali ambapo Rangi aliapa hatafika kiumbe, na kwa hiyo hakuchora kitu. Ardhi ikamkimbia. Akaporomoka kwenye weupe mtupu, sketi ikipepea, bila kufika chini.

Shangazi alimtazama anavyoanguka. "Hawa watu hawana uani?"

Cheche alicheka hadi akashika meza. Rangi alijitahidi kukaza uso, naye akashindwa.

"Lakini hakuingia," alisema Rangi akipangusa macho.

"Mshale ungemsaidia nini? Mlango aliuona. Kilichokosekana ni adabu yetu sisi."

Rangi akakuna kidevu. "Basi weka hodi. Mimi nikajenge uani. Akishindwa tena, mishale yangu inawekwa."

Wakainamia kompyuta zao huku shangazi akinywa chai na kuuliza kila mara kama binti ameshafika chini. Kisha akarudi kwenye kiti. Binti akabisha. Kutoka ndani bibi akaitika, kwa sauti ya Rangi aliyejibana pua: "Karibu, mwanangu."

"Ahsante, mama," alisema shangazi. Akaingia, akaenda moja kwa moja mezani, akabeba ufunguo, akatoka.

"Shangazi," alisema Rangi, "si umemwibia bibi ufunguo wake?"

"Nimeiba vipi? Si amenikaribisha?"

Rangi akarudi kwenye kompyuta yake. Akaifuta mishale yake, mmoja baada ya mwingine, na Cheche akaiachia demo upesi kabla mwenzake hajabadili mawazo.