Mabawa ya Mzinga wa Saba

Mara ya nne! Onesphore alisukuma mikroskopi, akafikicha macho. Mabawa mia ya nyuki wa mzinga wa saba, na vipimo vilevile. Nyuki hao walitoka milimani kwenye baridi, lakini mabawa yao yalikuwa mafupi kama ya nyuki wa huku chini Ruzizi. Mizinga mingine sita ya milimani haikuwa na vituko hivyo.

"Umechanganya viboksi," alisema Daktari, Mbelgiji aliyetaka kujua nyuki gani ni ndugu wa nyuki gani kwa kupima mabawa. "Ama macho yako yamechoka. Jumatatu unarudia ufagio. Modeste atapima."

Ufagio! Miaka mitatu alikifagia chumba kile kabla ya kukabidhiwa mikroskopi. Na mwenzake wa kazi Modeste, jamani, hata kutia uzi kwenye sindano humwita mke wake! Onesphore alikasirika mpaka chakula kikamshinda.

Jumamosi akapanda mlima, amenuna, mpaka kwa baba mkwe wake Bonaventure, mwenye mzinga wa saba. Nyuki wa mizinga yote saba aliwachukua huko ukweni. Daktari aliagiza kila mwenye mzinga aulizwe nyuki wake walitoka wapi. Lakini mkwe hamhoji mkwewe. Unakula, unashukuru, unashuka. Kwenye kila fishi, kadi ya mzinga, Onesphore aliandika tu: "Ameulizwa. Wa hapahapa."

Leo aliinamisha kichwa. "Baba, unisamehe. Ule muzinga iko pale kwa migomba, ulitoka wapi?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Weye ndiye unauliza miye? Si baba zako wadogo waliuleta toka kwenu Luvungi, kule chini Ruzizi, pamoja na ng'ombe, walipokuja kukuposea bibi yako Anne-Marie!"

Onesphore hakuwapo siku ile. Bwana harusi hafuatani na mahari. Kumbe nyuki walikuwa wa kwao! Mabawa yalisema kweli mara nne, na yeye akatukanwa bure. Alishuka mlima akiongea peke yake.

Jumatatu alimkuta Modeste kitini, ufagio umeegemea mlango. Akaweka fishi mezani, akaeleza yote. "Daktari, macho yangu iko mazima. Mukono ndio uliandika bongo, uongo mutupu."

Daktari alisoma, akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi vipimo ni sawa. Modeste, ondoka kitini."

Onesphore alishusha pumzi. Ndipo Daktari akazivuta fishi nyingine sita.

"Na hawa? Uliwauliza?"

Wote sita walikuwa wazee wa ukweni. Onesphore aligeuka, akauchukua ufagio mwenyewe.