Kitambaa cha Naftaly

Ukimpa Naftaly glasi ya wiski, tafuta kiti, maana haitakwisha leo. Ataishika kwa kitako, aiinamishe atazame inavyoteremka polepole, aingize pua huku mdomo uko wazi kidogo, kisha adondoshe tone la maji ili harufu ifunguke. Ujuzi huo aliupata Nakuru mjini, katika duka la vinywaji alilofanyia kazi miaka sita, na kwao Free Area hapakuwa na jirani ambaye hajasomeshwa.

Kwa hiyo alipopanda Mau Narok kumposa Wamuyu, alibeba chupa ya maana, glasi ndogo nane na bakuli la kutemea. Njiani Wamuyu alimwonya. Baba yake alikuwa ameshafariki, na bila baraka za guka, yaani babu yake, Mzee Gathogo, hakuna harusi. Naftaly akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani ni mzee gani asiyependa wiski?

Wazee walimsikiliza kweli. Akawafundisha kutafuta asali, ndizi mbivu, moshi wa kuni. Mjomba mmoja aliposema anasikia nyasi kavu, Naftaly alimpongeza kama mwalimu wa nasari. Alikuwa amenogewa na sauti yake mwenyewe. Mzee Gathogo alikaa tu, glasi mkononi. Pombe aliiacha zamani, alipookoka, na wote walilijua hilo isipokuwa mgeni.

Mwishowe mzee akasimama, akavua kofia. Akapiga funda moja, akalikalisha mdomoni, kisha akalinyunyiza juu ya kifua chake mwenyewe, kwenye koti la Jumapili.

Naftaly akatabasamu kwa huruma. Akachomoa kitambaa cha mkono, akampangusa mzee kifua mpaka kikakauka, kisha akamsogezea bakuli.

"Usijali, guka. Ya kwanza huchoma. Sisi tunatema hapa."

Hakuna aliyecheka. Mjomba wa nyasi kavu akaweka glasi chini. Wamuyu akafunika uso kwa viganja.

Mzee akaketi, akamuuliza kwa upole kama kwao hakukuwa na mtu mzima wa kumwelekeza. Naftaly akajibu kwamba wazazi wake ni watu wa kanisa, mambo ya mila hawakuyataja.

"Hata mimi ni mtu wa kanisa," mzee akasema. "Hii kitu haijaingia kwa mdomo yangu tangu nineteen ninety. Leo nimeiweka kwa mdomo kwa sababu yako, nikajitemea kifua ndio nikubariki. Na wewe umepangusa."

Naftaly alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti, akaomba msamaha, akamsihi mzee arudie.

"Haifanywi mara mbili siku moja. Enda nyumbani, kijana. Siku utarudi, kuja kunyamaza."

Wamuyu hakumsindikiza. Naftaly aliteremka kuelekea Njoro peke yake, glasi zikigongana ndani ya begi, na kila zilipolia aliona haya upya. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa shati, karibu na pua, na pua yake ya ujuaji ikaanza kazi bila kutumwa: asali, ndizi mbivu, moshi wa kuni. Chini ya hayo yote, sabuni ya kipande na koti la mzee.

Alikitoa mara mbili akakirudisha. Kukitupa aliona haya. Kukifua aliona haya zaidi.